Kupanga foleni za Catalyst 2960 ili sauti ya simu isikatike

Foleni kwenye swichi hujengeka pale data inapoingia kwa kasi kuliko inavyoweza kutoka. Chukua Cisco Catalyst 2960 yenye poti 24 za megabiti 100 na mbili za gigabiti: ruta iko Gi0/1 (Gi ni poti ya gigabiti, Fa ni ya megabiti 100), seva iko Gi0/2, na kwenye Fa0/5 kuna simu ya IP iliyochomekewa kompyuta nyuma yake. Kompyuta ikivuta faili kubwa kutoka kwenye seva, data ya gigabiti inasukumana kupita mlango wa megabiti 100, na pakiti za sauti zinakwama humo. Simu haihitaji nafasi kubwa. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 ni kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Inachohitaji ni kutosubirishwa.

Hatua ya 1: washa QoS (mfumo wa kuzipa pakiti kipaumbele) na urekebishe jedwali la alama

configure terminal
mls qos
mls qos map cos-dscp 0 8 16 24 32 46 48 56

Usiishie hapa. Ukishaandika mls qos, poti zote zinaacha kuamini alama za pakiti zinazoingia na kuzirudisha kuwa 0, hivyo sauti inachukuliwa kama data nyingine yoyote. Mstari wa tatu husahaulika sana: bila huo, swichi hugeuza CoS 5 (alama ya kipaumbele kwenye fremu ya Ethernet) kuwa DSCP 40 (alama ya kipaumbele kwenye pakiti ya IP), ilhali vifaa vya mbele vinatarajia sauti ije na 46.

Hatua ya 2: amini alama kwenye poti za kuingilia

interface range fa0/1 - 24
mls qos trust device cisco-phone
mls qos trust cos
interface range gi0/1 - 2
mls qos trust dscp

Mstari wa cisco-phone hufanya poti iaminiwe pale tu swichi inapoitambua simu ya Cisco kwa CDP, itifaki ya vifaa vya Cisco kujitambulisha. Kama simu zako ni za kampuni nyingine, uondoe, la sivyo poti haitaaminiwa kamwe. Seva ambayo huijui vizuri usiiamini: programu moja ikijipa alama 46 itapita mbele ya kila mtu.

Hatua ya 3: toa kipaumbele kwenye poti za kutokea

interface range fa0/1 - 24 , gi0/1 - 2
priority-queue out
srr-queue bandwidth share 1 60 25 15

Kila poti ina foleni nne. DSCP 40 hadi 47 huingia foleni ya 1, na priority-queue out huifanya ihudumiwe hadi iishe kabla ya nyingine kuguswa. Ndiyo maana ile 1 ya mwanzo haihesabiwi. Foleni ya 2, yenye data ya kawaida, inahakikishiwa asilimia 60 ya nafasi iliyobaki. Isipoitumia, wenzake wanaichukua.

Hatua ya 4: kagua wakati mtu anaongea

show mls qos interface fa0/5 statistics

Hapa wengi hupotea. Amri hii huhesabu foleni kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo foleni ya 1 uliyoipanga inaonekana kama 0. Hesabu ya 0 ikipanda, sauti imefika mahali pake. Ikipanda ya 1 peke yake, rudi hatua ya 2.

Angalia pia pakiti zilizotupwa. Baada ya kuwasha QoS, bafa ya poti (kumbukumbu ya pakiti zinazosubiri) hugawanywa kwa foleni zote nne, na data ya kawaida inabanwa kwenye foleni ya 2. Kunakili mafaili kunazorota ingawa simu ziko safi. Iruhusu iazime zaidi kutoka kwenye bafa ya pamoja:

mls qos queue-set output 1 threshold 2 400 400 100 400

Sauti ikiendelea kukatika kwenye simu za nje pekee huku swichi haitupi kitu, msongamano uko kwenye laini ya intaneti. Foleni ipangwe kwenye ruta. Ukiridhika, hifadhi kwa copy running-config startup-config.