Banda la maonyesho: piga hesabu yake kabla hujalilipia

Maonyesho ya kilimo ya ASK (Chama cha Kilimo cha Kenya) ya Nakuru na Kisumu hufanyika katikati ya mwaka, na kila yanapokaribia, wanachama wetu huuliza lile lile: nichukue banda au niache? Nimeandika somo hili kwa anayeuza kazi ya mikono, hasa vikapu na vitu vya gugumaji, lile gugu la ziwani, ingawa muuza asali au viatu vya ngozi naye atapata lake. Ninaloshikilia ni kwamba banda hulipa au hukutia hasara ukiwa bado nyumbani, kulingana na hesabu uliyopiga.

Hatua ya kwanza: hesabu

Chukua kalamu. Tuseme banda ni shilingi 9,000 kwa siku tatu, usafiri wa mizigo kwenda na kurudi 3,000, chakula 3,000, na msaidizi 3,000. Jumla ni 18,000. Hizo ni pesa ambazo lazima meza yako izirudishe kabla hujapata hata shilingi ya faida.

Sasa angalia bidhaa. Kikapu unakiuza 800. Malighafi, rangi na malipo ya mfumaji ni 500, kwa hiyo kinakubakishia 300. Gawanya 18,000 kwa 300: unahitaji kuuza vikapu 60 ndipo urudishe gharama. Kwa siku tatu ni 20 kila siku, na milango ikiwa wazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ni vikapu vitano kila saa mbili. Jiulize kwa ukweli kama unaweza.

Ukitegemea vishikio vya funguo vya shilingi 100, vinavyokugharimu 40, utahitaji kuuza 300. Kikapu kikubwa cha kuwekea nguo cha 2,500 kinachokubakishia 1,000, utahitaji 18 tu. Hii haimaanishi ubebe vikubwa peke yake, kwa sababu wanaonunua cha 2,500 ni wachache. Beba ngazi tatu za bei, lakini ujue ni ipi inayolipa banda. Vidogo huvuta watu wasimame. Cha kati na kikubwa ndivyo hulipa.

Na tafadhali, dada zangu, andikeni malipo ya mfumaji hata kama mfumaji ni wewe mwenyewe. Siku zako za kufuma zikikosekana kwenye daftari, utadhani umepata faida kumbe umefanya kazi bure.

Hatua ya pili: nani anapita

Siku za katikati ya wiki, maonyesho ya kilimo hujaa wanafunzi waliokuja na mabasi ya shule. Mtoto mwenye shilingi 50 mfukoni hatanunua kikapu, ila atanunua bangili, na atashika kila kitu mezani. Wikendi huja familia, na hapo mama anayetafuta kikapu cha sokoni anafika na mumewe akiwa na pesa. Wageni wa mikutano ni tofauti kabisa. Kisumu ilipopokea mkutano wa Africities Mei 2022, mji ulijaa watu wa kutoka nje, na mteja wa namna hiyo hutaka kitu kinachoingia kwenye begi la ndege. Panga mzigo kulingana na mpitaji.

Hatua ya tatu: meza

Weka bei kwenye kila kitu, kwa maandishi makubwa. Watu wengi huona haya kuuliza bei. Wakikosa kuiona hupita tu. Inua baadhi ya bidhaa juu ya masanduku ili zionekane juu ya vichwa vya waliosimama mbele. Usimwage kila ulicho nacho mezani, kwani kwenye meza iliyorundikwa mtu hajui aanzie wapi.

Kisha keti pembeni ufume. Sijaona bango linaloshinda mikono inayofanya kazi. Mtu akikutazama ukisuka ukindu au kukunja bua la gugumaji, atauliza mwenyewe linatoka wapi, nawe umweleze kwamba ni lile gugu linaloziba Ziwa Victoria na kuwazuia wavuvi. Akishaona jinsi kinavyotengenezwa, ubishi wa bei hupungua sana.

Ubishi ukija bado, uwe umeamua bei yako ya mwisho nyumbani. Punguzo litoe kwa anayenunua zaidi ya kimoja: kimoja 800, viwili 1,500. Ukimshushia mteja mmoja bei ya kikapu kimoja mbele ya watu, waliosimama nyuma yake wote wamesikia.

Hatua ya nne: pesa na vibali

Namba ya kulipiwa kwa M-Pesa, iwe ya tili au ya Pochi la Biashara, iandike kubwa, pande mbili za meza. Umati ukiwa mkubwa mtandao hulegea, kwa hiyo beba chenji ya noti ndogo. Ujumbe wa malipo usome kwenye simu yako, si kwenye ya mteja, hata akiwa mcheshi namna gani. Mifuko iwe ya kaki. Ile ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Waulize waandaaji mapema kama ada ya banda inakutosha au kaunti inataka kibali chake pia.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Molo: Mwalimu, jioni ya mwisho nishushe bei ili nisirudi na mzigo?*
Kama ni mboga, ndiyo. Kikapu hakiozi kesho. Ukizoea kushusha, wateja wa mwaka ujao watasubiri jioni hiyo. Afadhali uchukue oda na namba za simu za walioonyesha nia, uwatumie mzigo kwa basi la kuaminika.

*Kutoka Bondo: Tunaweza kugawana banda wawili?*
Mnaweza, waandaaji wakikubali na bidhaa zenu zikiwa tofauti. Mfano wangu wa juu unashuka hapo: 9,000 inakuwa 4,500 kwa kila mmoja. Kila mtu awe na tili yake, ama jioni mtagombana.

*Kutoka Njoro: Nauza asali. Nikija bila nembo ya KEBS, shirika la viwango?*
Chakula kilichofungashwa kwa kuuzwa kinahitaji nembo ya ubora. Anza kuifuatilia sasa, usingoje wiki ya maonyesho, na chupa iwe na lebo yenye uzito, tarehe na mahali ilipofungashiwa.

*Kutoka Dunga: Mama, vikapu vyangu vya gugumaji huota ukungu nikivihifadhi kungojea maonyesho.*
Mabua hayakukauka vizuri kabla ya kufumwa. Bua likauke mpaka ukilikunja usihisi ubaridi wa maji ndani, na Kisumu mvua za alasiri hudanganya: juu pamekauka, katikati bado. Anika juu ya kichanja, si chini, ugeuze kila siku, uingize ndani kabla ya wingu. Vilivyokwisha kufumwa usivifunge kwenye plastiki. Vifunike kwa kitambaa cha pamba na uvipunge hewa kila wiki. Chenye ukungu kidogo kipanguse kwa siki, kikauke kabisa kivulini penye upepo, na kisirudi kwenye mzigo mpaka harufu iishe.