Bunduki ya wenzo: angalia ncha ya risasi kabla ya kuijaza

Ukienda kuwinda kulungu kwenye misitu ya Marekani na bunduki ya wenzo (mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, unaosukumwa ili kuingiza risasi inayofuata) kama Winchester 94 au Marlin 336, chunguza kwanza ncha za risasi zako. Bunduki hizi huhifadhi risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, zikiwa zimepangana moja nyuma ya nyingine, kila ncha ikigusa fataki (kiwashio kilicho kitakoni) ya risasi iliyo mbele yake. Ncha kali ya chuma ikisukumwa na mshtuko wa bunduki inapofyatuka inaweza kuilipua ile ya mbele, na mkono wako wa kushoto uko hapo hapo chini ya bomba. Kwa hiyo nunua risasi za kipimo cha .30-30 zenye ncha bapa au butu, ama zile za Hornady zenye ncha laini inayobonyea. Winchester ya 1895, ambayo Theodore Roosevelt alikuja nayo Kenya mwaka 1909, haina shida hii kwa sababu risasi zake hukaa kwenye kisanduku, si kwenye bomba.

Ukishafyatua, sukuma wenzo mpaka mwisho kisha urudishe kwa nguvu. Ukiuvuta nusunusu kwa woga, bunduki hukwama na kulungu anatokomea.

Wakati wa kutoa risasi, nyingi ya bunduki hizi hukulazimu kuzipitisha zote, moja baada ya nyingine, kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa). Mtutu uelekee ardhini, pasipo mtu, na kidole kikae mbali kabisa na kifyatulio. Hapo usiharakishe hata kama wenzako wanakusubiri garini.