Namna ya kufuga sungura wa nyama Kenya, Tanzania na Uganda

Anayetaka kufuga sungura wa nyama amtafute mlaji kabla hajapigilia msumari wa kwanza wa banda. Kenya na Tanzania zimeshuhudia wafugaji wakiuziana mbegu kwa bei kubwa, kila mmoja akimtegemea mfugaji mpya anunue kwake, na wapya walipoadimika mabanda yakabaki yamejaa sungura wasio na mnunuzi. Pita kwanza kwenye hoteli na mabucha ya mjini kwako, uulize wanahitaji sungura wangapi kwa wiki na wa uzito gani. Fahamu pia imani za wenyeji: Waislamu wa Sunni humla sungura aliyechinjwa kihalali, lakini Shia Ithnaasheri hawamli, wala Wasabato, ambao ni wengi Kisii na Mara.

Kisha piga hesabu. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi, watoto huachishwa ziwa wakiwa na wiki tano au sita, na mama akipewa wiki moja ya kupumzika, ataweza kuzaa mara nne hadi tano kwa mwaka. Watoto sita wa kila uzao wakifika machinjioni, jike mmoja atakupa sungura 24 hadi 30 kwa mwaka. Hoteli inayotaka sungura 20 kila wiki huhitaji 1,040 kwa mwaka, na hao hawapatikani kwa majike yaliyo chini ya 35. Ndiyo maana nawasihi wafugaji wadogo wa kijiji kimoja waungane na kupandisha kwa zamu, ili mzigo usikatike.

Kwa nyama, chagua sungura wa aina ya New Zealand White au California, au mchanganyiko wao. Kizimba cha jike kiwe na urefu wa sentimita 75 na upana wa 60 hivi, na sakafu ya waya unaopitisha kinyesi bila kuumiza miguu. Wafugaji wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wazingatie zaidi kivuli na upepo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu joto linalozidi nyuzi 30 kwa siku nyingi humfanya dume ashindwe kutia mimba kwa wiki kadhaa.

Jike apandishwe akiwa na miezi mitano au sita. Mpeleke yeye kwa dume, kamwe usimpeleke dume kwake, kwani jike hulinda kizimba chake na huweza kumjeruhi mgeni. Dume akimaliza huanguka ubavu. Usipoliona hilo, huenda kazi haijafanyika. Siku ya 14 baada ya kupandishwa, mpapase jike tumbo taratibu uone kama ana mimba, na siku ya 28 mwekee sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mama huwanyonyesha watoto mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, kwa hiyo kumkuta nje ya sanduku si dalili kwamba amewatelekeza. Fungua sanduku asubuhi uangalie matumbo: mtoto aliyeshiba huwa na tumbo la mviringo, na maziwa meupe huonekana kupitia ngozi yake nyembamba, ilhali mwenye njaa hukunjamana ngozi na kuhangaika. Ondoa aliyekufa mara moja.

Nyasi kavu zisikosekane kamwe. Majani ya viazi vitamu yanafaa, ila yaliyolowa umande yaanikwe kwanza hadi yanyauke, maana mabichi mengi hujaza tumbo gesi. Majani ya nyanya yana sumu. Jike anayenyonyesha apewe peleti (chakula cha kiwandani cha vipande vidogo vigumu) bila kupimiwa, na maji yake huweza kuzidi lita moja kwa siku.

Ugonjwa unaoua zaidi watoto walioachishwa ziwa ni koksidia, unaoenezwa na kinyesi. Kinga yake ni sakafu kavu na vyombo safi. Ukitumia dawa, muulize daktari wa mifugo siku ngapi zipite kabla ya kuchinja.

Chinja kati ya miezi mitatu na minne, sungura akiwa na kilo 2 hadi 2.5 akiwa hai. Nyama itakuwa nusu ya uzito huo au zaidi kidogo.

Dume akizeeka, au ukoo ukianza kuingiliana, utatamani kuleta mbegu kutoka nchi jirani. Iwe ni Namanga, Busia au Sirari, usimpitishe sungura kwa njia za panya. Oktoba 2017 Tanzania ilichoma vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kinyemela kutoka Kenya kupitia Namanga. Omba kwanza kibali cha kuingiza mnyama katika nchi yako, kisha muuzaji apate cheti cha afya kutoka kwa daktari wa serikali wa kwake. Akifika, mtenge wiki tatu au nne mbali na banda, na umhudumie wa mwisho kila siku.