Kumsoma Javier Marías: pa kuanzia

Wengi humwacha Javier Marías, mwandishi wa riwaya wa Uhispania (Madrid, 1951–2022), njiani kwa kuanza na Tu rostro mañana, riwaya ya juzuu 3. Anza na Corazón tan blanco ya 1992. Hapa Nairobi utaipata kwa Kiingereza, kwa jina A Heart So White, katika tafsiri bora ya Margaret Jull Costa. Dukani ulizia jina la mwandishi.

Kwanza soma Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, tendo la 2, onyesho la 2. Jina la riwaya limetoka humo, na hatia ya kujua siri ya mwingine pia.

Sentensi zake ni ndefu ajabu. Usizisomee ndani ya matatu yenye muziki. Tenga saa tulivu, kurasa 20 zatosha, na usipumzike kabla ya nukta. Ukipotea, rudi mwanzo wa sentensi hiyo, uisome kwa sauti.

Shika penseli. Kila kauli inayojirudia, ipigie mstari na uandike pembeni ukurasa ilikotokea mara ya kwanza. Marudio ndiyo yanayoiendesha riwaya: maneno yaleyale hurejea na uzito mpya. Anayeyaruka hulalamika kwamba hakuna kinachotendeka, ilhali mtu amejiua tangu ukurasa wa kwanza!

Ukimaliza, chukua Los enamoramientos, ya 2011.