Kikao cha kwanza na mteja wa transi: mwongozo kwa washauri nasaha Kenya

Mteja wa transi, yaani mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa, hakuja umthibitishie jinsia yake. ICD-11, orodha ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika 2022, haiuweki tena utransi kwenye magonjwa ya akili. Kazi yako ni sonona, hofu na maamuzi yaliyo mbele yake.

1. Anzia mapokezi. Mambo huharibika hapa kabla hujamwona: mhudumu anaita kwa sauti jina la kitambulisho na benchi zima linageuka. Fomu iwe na nafasi mbili, jina la kuitwa na jina la kitambulisho, hili la pili likitumika kwa bima na maabara tu. Muulize aitwe dada, kaka au jina tupu. Muulize pia ukimpigia simu ikapokelewa na mtu wa nyumbani, umtaje vipi. SMS ya miadi isitaje huduma.

2. Eleza siri na mipaka yake kabla hajaanza kusimulia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Mwambie nani hufungua faili, na kwamba siri utaivunja maisha yakiwa hatarini. Barua ya rufaa kwa daktari wa meno haihitaji neno transi.

3. Uliza, "Nini kimekuleta leo?" Pengine amefiwa, au amefukuzwa nyumba. Ukianza na maswali ya upasuaji na sehemu za siri, hatarudi.

4. Pima hatari. Kwenye PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, alama 10 na zaidi zinahitaji tathmini kamili ya sonona. Swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, lisome peke yake hata jumla ikiwa 4. Jibu lisipokuwa 0, uliza waziwazi: amewaza kujiua? Kwa njia gani? Njia hiyo anayo karibu? Kisha andikeni pamoja mpango wa usalama: dalili za onyo, vinavyomtuliza, watu wa kupigia, kituo cha dharura, na jinsi ya kuweka njia hiyo mbali naye. Wengi hukosea kwenye watu wa kupigia: tunaandika mama au kaka kwa mazoea, kumbe ndiye anayemtishia. Kila jina, uliza kwanza, "Huyu anajua?"

5. Uliza kuhusu dawa na kifua, bila kukemea. Baadhi ya wanawake wa transi humeza vidonge vya kupanga uzazi kama homoni. Ethinilestradioli, homoni iliyo ndani yake, huongeza hatari ya damu kuganda, hasa kwa mvutaji sigara, kwa hiyo mpe rufaa kwa daktari. Mguu mmoja ukivimba, au akipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, aende hospitali mara moja. Anayebana kifua ili matiti yasionekane aache bendeji, maana huzidi kukaza na kuumiza mbavu. Fulana maalumu ya saizi yake aivae isizidi muda wa saa 8, na asilale nayo.

6. Wazazi wakitaka umbadilishe, kataa. Jaribio hilo halibadilishi jinsia ya mtu, na humwachia madhara. Wape kikao chao, mteja akiridhia.

Kabla hajaondoka, muulize anarudi vipi nyumbani. Kama alivaa nguo nyingine njiani, mpe chumba cha kubadilishia chenye komeo.