Ukitaka kuhamia mkoani, kaone kwanza mwezi wake mbaya

Kazi yangu ni kuchimba visima virefu. Mtambo ukipata kazi Singida tunalala Singida, ukipata Njombe tunapiga kambi Njombe, na kila tunakofika hakosekani mtu wa kuuliza: "Fundi, wewe umeizunguka nchi yote hii, wapi pazuri pa kuhamia?" Huwa simtajii mkoa. Namuuliza naye, "Pazuri mwezi gani?"

Maana Dodoma ya Februari, mtama umefika kiunoni na vilima vyote kijani, si Dodoma ya Oktoba, vumbi linapoingia hadi ndani ya kabati la vyombo. Mtu anakwenda Makete kwenye harusi ya Desemba, anapigwa na hewa safi, anarudi Dar akitafuta kiwanja. Julai ya kule hajaiona: unaamka unakuta umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi, na maji ya kunawia uso unayaogopa. Kila pembe ya Tanzania ina mwezi wake mbaya. Mwezi huo ndio wa kwenda kukaa, angalau wiki moja, kabla hujaamua lolote.

Anza kwa kufuta

Mikoa iko 31, bara 26 na Zanzibar 5. Ukianza kwa kujiuliza unapenda wapi utachoka. Anza na kule usikoweza kuishi.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kusafishwa damu, au mtoto mwenye seli mundu, au mzee wa moyo, pima umbali wa hospitali kubwa kwanza, mengine baadaye. Muhimbili iko Dar es Salaam, Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Benjamin Mkapa Dodoma, na Mbeya na Mtwara zina hospitali za kanda. Usipime kwa kilomita, pima kwa masaa, tena masaa ya mvua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika na magari yakalala njiani. Aliyekuwa na rufaa ya kwenda Muhimbili siku zile alijua maana ya kuishi kusini bila kuwa na mpango wa pili.

Kazi nayo inafuta. Lakini isifute kupita kiasi, kwa sababu ramani inabadilika. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na Julai ikafika Dodoma. Mtu mwenye biashara Kariakoo anayekwenda dukani mara mbili kwa wiki sasa anaweza kulala chini ya milima ya Uluguru.

Malaria pia iweke kwenye hesabu kama una watoto wadogo. Tabora, Kigoma, Mtwara na Kanda ya Ziwa bado ina nguvu. Njombe, Iringa, Kilimanjaro na Arusha ni kidogo sana. Haimaanishi usihamie Kigoma. Maana yake bajeti ya vyandarua na nyavu za madirisha iwe ya mwanzo kabisa, kabla ya makochi.

Jua mvua yao kabla hujajua bei yao

Kaskazini, pwani ya kaskazini na ukanda wa Ziwa Victoria wanapata mvua mara mbili: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kanda ya kati, magharibi, Nyanda za Juu Kusini na kusini wana msimu mmoja tu, kama Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Anayetegemea shamba ajue kwamba kwenye msimu mmoja ukikosa umekosa hadi mwakani. Hata asiyelima inamgusa. Mahindi yanashuka bei wakati wa mavuno, halafu Januari na Februari yanapanda hadi mtu mwenye mshahara anashtuka. Ukihamia Singida au Dodoma, jenga stoo kabla ya sebule, na ununue magunia yako Julai kama wenyeji.

Sasa chagua mwezi wako wa kwenda kuangalia. Dar es Salaam nenda Februari, usiku, ulale bila feni uone. Halafu rudi Aprili uone maji yanavyofanya Jangwani. Dodoma ni Oktoba. Njombe na Makete, Julai. Tukuyu na Kyela nenda Aprili, maana Rungwe inanyesha mpaka nguo zinaota ukungu kabatini, na maji yote hayo yanateremka kuelekea Kyela. Bukoba vilevile, Aprili. Moshi mjini nenda Februari kwa ajili ya joto, lakini kama unataka kuishi juu, Kibosho au Marangu, nenda Julai, mlima unapojifunika wiki nzima na kuni hazikauki.

Mimi mwenyewe naishi Iringa mjini. Sisemi ni bora kuliko kwingine. Mwezi wake mbaya ni wa baridi na upepo, na baridi naiweza kwa koti. Joto la Dar siliwezi hata kwa feni mbili. Mke wangu anaipenda Dar kwa sababu hiyohiyo niliyoikimbia mimi, kwa hiyo msichague peke yenu wakati mnahama wawili.

Maji

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, ndipo ninapokula.

Bomba kutoa maji siku unayokagua nyumba si ushahidi wa chochote. Tembea mtaa mzima ukiangalia matangi. Mtaa ambao kila nyumba imeweka tangi la lita 5,000 juu ya mnara, jua mgawo wao ni wa siku nyingi. Ukiona madumu ya njano yamepangwa mlangoni asubuhi, hali ni mbaya zaidi. Mtafute muuza maji wa guta au mkokoteni, umnunulie soda, umuulize dumu linauzwaje masika na linauzwaje kiangazi. Huyo hana sababu ya kukudanganya. Mwenye nyumba anayo, dalali anazo mbili.

Kijijini, ulizia wazee. Tulipokuwa tunachimba upande wa Manyoni kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akija kukaa chini ya mbuyu kutazama mtambo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mmeyapata?"

"Bado. Hivi kile kisima cha zamani pale bondeni hukauka mwezi gani?"

"Hakikauki. Ila kuanzia mwezi wa tisa ng'ombe wanayakataa."

Jibu hilo lilinitosha kuliko karatasi ya mpimaji. Maji yanayobaki chini ya kisima kiangazi yanakuwa na chumvi kali, na ng'ombe anaisikia kabla yako. Kanda ya kati sehemu nyingi ziko hivyo.

Vipimo viwili unaweza kuvifanya mwenyewe bila mashine. Nawa mikono kwa sabuni ya mche: povu likikataa, maji ni magumu. Kisha omba kuona sufuria wanayochemshia maji kila siku. Ichungulie chini, kama ina ukoko mweupe unaokwaruzika kwa kucha, ndio huohuo utakaoganda ndani ya hita na birika lako. Maji magumu hayaui mtu, yanamaliza sabuni na vyombo tu.

La madini ya floraidi ni zito zaidi. Chini ya Mlima Meru, Maji ya Chai na Ngurdoto kwa mfano, na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, maji ya ardhini yana floraidi nyingi. Hayana harufu, hayana rangi, na kuyachemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Alama yake ni meno ya kahawia kwa waliokulia pale. Ukienda kuangalia nyumba, zungumza na vijana waliozaliwa mtaani, si wahamiaji, na uwaangalie wanapocheka. Kwa mtu mzima aliyehamia ukubwani meno hayabadiliki. Kwa mtoto wa miaka miwili unayehamia naye, yatabadilika. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, na chujio za namna hiyo zinafanya kazi ukikumbuka kubadilisha mkaa. Bora zaidi, chukua chupa ya maji uipeleke maabara ya maji ya wizara mkoani hapo wapime floraidi, chumvi na vijidudu.

Kando ya Ziwa Victoria shida ni nyingine: maji yapo, na yana kichocho. Mandhari ni nzuri sana, watoto wasiogelee ufukweni.

Na yule anayekuambia "kiwanja hakina maji lakini utachimba kisima" mwulize yeye cha kwake kiko wapi. Kwenye miamba ya Singida au vilima vya Mwanza unaweza kushuka mita mia na kutoka na vumbi, na hela ya mtambo ukalipa, kwa sababu sisi tunalipwa kwa mita. Ukanda wa pwani unaweza kupata maji matamu, halafu majirani wote wakichimba na kuvuta, chumvi ya bahari ikaingia. Kibali kinatolewa na bodi ya maji ya bonde lako. Mabonde yako tisa nchi nzima, na ofisi zao zina kumbukumbu za visima vilivyochimbwa karibu na pale unapotaka. Kaombe kuona kina na wingi wa maji kabla hujanunua. Wachache sana huenda, sijui kwa nini.

Kuta za jirani

Udongo usomee kwenye nyumba za wengine. Simama nje, tazama pembe za madirisha: ufa unaopanda kimshazari kutoka kona ya dirisha kwenda kwenye paa, nyumba baada ya nyumba, ni udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Usukumani upo mwingi, na mabonde ya Dodoma yanao. Kupanga hapo ni sawa. Kujenga, msingi utakula hela ya paa. Pwani badala ya kuta angalia misumari ya bati, maana hewa ya chumvi huila kwa kutu.

Panga, kisha ndio ununue

Mwaka mmoja wa kupanga unakupitisha kwenye miezi yote. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mkupuo, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Bembeleza miezi mitatu ya kwanza, hata kwa kuongeza kidogo. Kwenye miji midogo wanakubali. Ukifika, ripoti kwa mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wako, na msiba wa kwanza mtaani uhudhurie hata kama humjui marehemu. Utajua mengi kuhusu mahali pale ukikaa kwenye turubai lile kuliko kwa dalali yeyote.

Ukifika wakati wa ardhi, kijijini usimalizane na mwenyekiti ofisini kwake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayogawa, na mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuridhia. Omba muhtasari wa mkutano, usome jina lako humo. Kisha nenda na futikamba. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na ndani yake utaamka siku moja ukute alama ya X nyekundu ukutani. Kwenye kingo za mito, ziwa na bahari, sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kwa mto usipime kutoka pale maji yalipo kiangazi. Mwambie mwenyeji akuonyeshe yalipofika masika makubwa aliyowahi kuyaona, uanze kuvuta hapo.