Kuyeyusha kioo chenye europiamu kinachong'aa chekundu

Europiamu ni metali adimu ambayo ioni zake (atomi zenye chaji) hung'aa chekundu zikimulikwa kwa urujuanimno. Mchanganyiko huu unatoa takriban gramu 20 za kioo: asidi ya boriki g 20.64, sodiamu kaboneti kavu g 5.75, oksidi ya zinki g 4.53 na oksidi ya europiamu g 0.49. Unga wote ni g 31.41, zaidi ya g 11 hupotea kama mvuke na kaboni dioksidi. Ndiyo maana chungu cha alumina (oksidi ya alumini) kisijazwe kupita theluthi: asidi ya boriki huumuka, na ikimwagika hula matofali ya tanuri.

Oksidi ya europiamu hunyonya unyevu ikikaa wazi. Iunguze kwanza kwa 900°C saa moja, la sivyo mizani itakudanganya. Vaa barakoa, saga kwa kinu cha akiki (jiwe gumu). Kinu cha chuma huacha chembe zinazotia kioo ukijani na kumeza mwanga.

Tumia tanuri la umeme. Pandisha polepole hadi 400°C, subiri saa moja povu liishe, kisha 1000°C kwa nusu saa, ukitikisa chungu kwa koleo mara mbili tatu. Mimina juu ya bamba la chuma lenye 350°C. Bamba baridi hupasua kioo papo hapo. Kihamishe upesi kwenye tanuri la 420°C, saa mbili, zima, na usifungue mlango mpaka kesho yake. Sugua kwa msasa namba 400, 800, halafu 1200, kwa mafuta ya taa: maji hukifubaza kioo cha aina hii.

Kwa kupima, tochi ya urujuanimno ya nm 395 (nanomita, urefu wa wimbi la mwanga) inafaa kuliko ile ya nm 365, kwa sababu europiamu hufyonza vizuri karibu na nm 394. Weka kichujio cha njano mbele ya macho. Kwenye spektromita (kifaa kinachotenganisha mwanga kwa urefu wa mawimbi) utaona mistari miwili mikubwa, wa nm 591 na wa nm 612 hivi. Wa kwanza hautikiswi sana na mazingira ya ioni, kwa hiyo ndio wa kulinganishia. Wa pili ukiuzidi mara kadhaa, ioni imekaa mahali pasipo na ulinganifu, jambo la kawaida kwenye kioo.

Ukiona mng'ao mpana wa buluu, sehemu ya europiamu imepunguzwa chaji kutoka 3+ kuwa 2+. Tuhumu mkaa, grafiti au moto wa gesi. Madoa meupe ni oksidi ambayo haikuyeyuka: saga, yeyusha tena. Ukibadili europiamu kwa samariamu au disprosiamu, anza na kiasi hikihiki cha moli (idadi ya atomi, si uzito). Zikisongamana, ioni hizo hunyang'anyana nishati na mwanga hufifia.